Ndani ya Lile Jumba la Shangani

Bi Zaina,

Ninakutolea salamu ileile ninayokutolea kila Ijumaa nikisimama Mwanakwerekwe, upande wa kichwa cha kaburi lako. Leo ninaiandika, kwa sababu nina habari ndefu, na pale makaburini miguu yangu hainivumilii kusimama kwa muda mrefu.

Nimelala katika lile jumba la Shangani.

Ninajua kwamba utadhani ninakutania, ingawa si kawaida yangu. Kila tulipopita mbele yake ulikuwa ukipunguza mwendo, ukichungulia kwenye ule mlango wa misumari ya shaba, kisha ukiniuliza: "Hivi ndani mna nini, Mwalimu?" Nami nilikuwa nikikujibu kwamba hoteli ni za wageni, na sisi kwetu ni hapo Ng'ambo. Ulikuwa ukiitikia, "Haya," na tukiendelea na safari yetu.

Aliyenipeleka ni binti yako, Ruwaida. Tangu uondoke, silali chumbani kwetu. Ninalala ukumbini, juu ya kochi, taa ikiwaka. Jirani mmoja alimfikishia habari hizo huko Maskati, naye akaamua kwamba baba yake hawezi tena kukaa peke yake. Akanilipia siku mbili hotelini. "Baba, pumzika kwanza," aliniambia kwenye simu. "Ukitoka hapo unijibu, waja kukaa nasi au huji. Usiponijibu, nnakuja kukuchukua mwenyewe." Unamjua. Ukali ule ameutoa kwangu. Basi niliingia mle nikidaiwa jibu, na jibu lenyewe sikuwa nalo.

Ndani, Bi Zaina, mna kimya. Hicho ndicho kitu cha kwanza. Ukiuvuka mlango, mji wote unabaki nyuma yako, pikipiki na wauzaji na watoto, kana kwamba mtu amekufunika shuka. Katikati mna ua ulio wazi hadi mbinguni, na maji yanachuruzika taratibu katika birika la mawe. Sikuona yanakotoka. Ngazi ni za mbao nene, zimeng'arishwa hata nikaona haya kuzikanyaga. Harufu ya udi ilikuwa ikinitangulia ghorofa baada ya ghorofa, lakini chetezo sikukiona.

Chumbani mna kitanda cha besera, chenye nguzo nne na pazia juu, kirefu hata wamekiwekea kibago cha kupandia. Kila kitu kimewekwa viwili viwili: vikombe, mataulo, mito, makoti ya kuogea. Msichana anayehudumia ghorofa ile, jina lake Mwanaidi, mwenyeji wa Makunduchi, aliniuliza kama mama anakuja baadaye. Nilimjibu kwamba niko peke yangu, lakini asiondoe kitu.

Alasiri nzima sikutoka. Nuru ya bahari ilikuwa ikipenya dirishani na kucheza darini, ikikunjuka na kukunjamana kama kanga inayoanikwa. Niliitazama hata nikasahau kwamba nilikuwa nikiitazama. Usiku nikapanda kitandani, nikalala upande wangu, na upande wa ukutani nikakuachia.

Uliwahi kusema kwamba mimi hata nikiota, ninaota kwa sarufi. Usiku ule sikuota hivyo. Niliota kwamba uko chumba cha pili, umefungua maji, unaimba kwa sauti ya chini wimbo usio na maneno, nami ninangoja uyafunge maji ndipo nikuite. Hukuyafunga. Sikuona dhiki kungoja. Nilipofumbua macho, ilikuwa ni bahari ikipiga chini ya ukuta, na kumbe ilikuwa alfajiri. Nilikuwa nimelala usiku kucha. Taa nilikuwa nimeizima mwenyewe, wala sikumbuki kwamba niliizima.

Nikavaa kanzu ili niende msikitini. Nikafungua mlango nivae makubadhi yangu. Hayapo. Niliyavua nje ya mlango, kama mtu yeyote anavyovua viatu mlangoni, na mtu ameyachukua. Muda wa sala ulikuwa umebana. Ndani ya kabati mlikuwa na viatu vyeupe vya kitambaa, laini kama pamba, vyenye nembo ya hoteli kwa uzi wa dhahabu. Nikavivaa hivyo hivyo, nikapita vichochoroni nikitembea bila kusikia nyayo zangu mwenyewe. Ilikuwa kana kwamba bado sijaamka.

Baada ya sala, pale kizingitini, akanikuta Juma Makame, yule rafiki yangu tuliyefundisha naye. Alitazama miguu yangu, akapandisha macho, akayashusha tena.

"Mwalimu Saleh," akasema, mbele ya watu wote, "makubwa haya. Bi Zaina kakutia fungateni uzeeni?"

Watu waliokuwa wakicheka wakainama kutafuta viatu vyao. Nikaona uso wa Juma unabadilika, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Nisamehe, ndugu yangu," akasema. "Nlisahau. Wallahi nlisahau."

Nami nikacheka, Bi Zaina. Nilicheka hata nikaegemea ukuta wa msikiti. Juma alikuja mazikoni kwako. Alishika jeneza. Na bado, kwa muda wa kuvuta pumzi moja, kichwani mwake ulikuwa hai, uko Shangani, umekaa kitandani unanisubiri nirudi kutoka msikitini. Nilirudi hotelini polepole, ili muda ule usiishe upesi.

Mwanaidi alikuwa mlangoni, ameyashika makubadhi yangu, yanang'aa kama ya bwana harusi.

"Shikamoo, baba. Nisamehe, nlipoyaona nje nlijua wataka yapigwe rangi."

"Marahaba. Mwanangu, viatu si huvuliwa mlangoni?"

"Hata kwetu, baba. Lakini humu mtu akiviacha nje, ndo ameagiza." Akaziba mdomo kwa ukaya wake, akicheka. "We mtu wa kwanza kuvua viatu kwa kuvua tu."

Kesho yake asubuhi, baada ya usiku wangu wa pili mle, Ruwaida akapiga simu. Akaniuliza kama nimelala. Nikamwambia kwamba nimelala usiku wa kwanza na wa pili, taa ikiwa imezimwa.

"Alhamdulillahi. Basi na huku utalala, baba. Chumba nishakitayarisha."

Nikamwambia: "Mwanangu, kwa kuwa nimelala, ninarudi nyumbani." Nikamsimulia habari ya Juma. Nikamweleza kwamba huko Maskati watanitunza vizuri, nami sina shaka nao, lakini huko hakuna mtu atakayesahau kwamba mama yake amefariki, kwa sababu hakuna mtu aliyemjua alipokuwa hai. Hapa wanasahau kufa kwako. Wauza samaki wananiuliza leo unapika nini, kisha wanashika midomo. Nilikuwa nikiwakimbia watu hao. Sasa ninataka kuishi miongoni mwao.

Alilia kidogo, kisha akanipa sharti: nilale chumbani, kitandani, kama mtu mwenye nyumba yake. Nimelikubali.

Ninakuandikia kutoka humo. Nimetandika mashuka mwenyewe, nimefungua madirisha yote mawili, na watoto wa jirani wanapiga kelele ambazo leo sikutoka kuzikemea. Upande wa ukutani ni wako bado.

Lala salama, mke wangu. Mola akuwekee nuru mahali ulipo, na akupe huko nyumba pana kuliko ile ya Shangani. Ijumaa nitakuja. Na Juma akisahau tena, nakuahidi, sitamsahihisha.

Mumeo,
Saleh