Mbawa za Pamba

Jumamosi, jioni. Bariadi.

Upepo wa leo umebeba vumbi lote la Simiyu, na nusu yake imeishia kwenye mashine yangu ya kunyolea. Nina furaha. Nina hasira pia. Shajara, chagua mwenyewe tuanze na ipi.

Kwa wageni wa blogu hii: mimi ni Njile, kinyozi, niliyeachana na shule kidato cha pili, na ndiye bingwa wa historia ya ndege za kwanza za kivita kuanzia hapa mpaka Meatu. Kama yupo mwingine, ajitokeze. Elimu yangu imetoka kwenye kitabu kimoja kinene cha Kiingereza nilichokipata kwenye mitumba. Nakisoma kidogo kidogo, simu ikinitafsiria. Aliyekiandika ni Mzungu mmoja mzee. Aliwahi kuwa mwanajeshi, akaacha, akatumia maisha yake yote kuandika jinsi ndege zilivyoingia vitani. Namwita Mzee wa Mabawa. Wateja wangu wanamjua kuliko wanavyomjua diwani, maana mtu aliye chini ya mashine hana pa kukimbilia.

Sasa wiki hii Mwalimu Masanja, anayefundisha historia sekondari, alikuja kunyoa. Akasema mtu wa kidato cha pili hafai kuwasimulia watu historia. Nikamwambia, nusu ya kichwa ikiwa bado, "Ticha, njoo gulioni Jumamosi. Tufanye kama Wagika na Wagalu."

Yaani kama ngoma zetu za baada ya mavuno. Timu mbili, uwanja mmoja, zinacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayejaza watu. Hata kitabu nikamwazima, ajiandae. Majivuno hayo.

Leo tumesimama. Yeye upande wa viatu, mimi upande wa mahindi. Yeye kaanza na sababu za Vita Kuu ya Kwanza. Mimi nikaanza na rubani anayechungulia nje ya ndege na kudondosha bomu kwa mkono, kama mtu anayemwaga maji ya vyombo. Watu wakaanza kuhama. Nikaeleza jinsi marubani wa pande mbili walivyokuwa wakipungiana mikono angani, kabla mmoja hajakumbuka kubeba bastola. Wakahama zaidi. Nikaona nimalize kazi kabisa.

"Na mbawa zile hazikuwa za chuma. Mbao, na kitambaa cha pamba. Pamba, ndugu zangu. Bila mkulima hakuna rubani."

Uwanja mzima ukaja kwangu. Hadi muuza viatu.

Mwalimu naye akaja, taratibu, kitabu changu mkononi. "Njile, hapa pameandikwa kitani. Siyo pamba. Ni zao jingine kabisa."

Mama mmoja wa mahindi akamuuliza, "Mwalimu, hicho kitani kinalimwa kijiji gani?"

Mwalimu akaanza kupekua kurasa.

"Basi muache kijana na pamba yake."

Nikabebwa juu juu. Nimeshinda.

Na nilikuwa nimekosea.

Mwalimu alinirudishia kitabu, nikausoma ukurasa ule nilipofika nyumbani. Lile neno la Kiingereza nililiruka, wala sikuliuliza kwenye simu, kwa sababu huku kwetu ukishasema kitambaa umeshasema pamba.

Halafu Mwalimu akanitumia ujumbe: nifute habari ya pamba niliyoiweka zamani kwenye blogu, na historia niwaachie wenyewe.

Wenyewe ni akina nani?

Mzee wa Mabawa aliandika ujanani kwamba mabomu ya ndege zile ndiyo yaliyoamua vita. Akazeeka, akarudi kwenye makaratasi, akaandika kitabu hiki kusema alikosea: kazi kubwa ya ndege ilikuwa macho, kuona adui kajificha wapi. Utangulizi mzima anajisema mwenyewe. Kama kukosea kunamfukuza mtu kwenye historia, yeye angetangulia mlangoni, mimi nyuma yake nimembebea begi.

Kwa hiyo sifuti. Pamba inabaki palepale, na chini yake nimeandika: ni kitani, nilikosea, Njile.

Jumamosi ijayo nasimama upande uleule, na neno langu la kwanza litakuwa kitani. Wakihama wote kwenda kwa Mwalimu, wahame. Nitayasimulia magunia ya mahindi.