Daktari wa Darasani

Mwenzangu, sikia haya. Kwenye darasa letu la Kiingereza la jioni, leo tuliigiza hospitali. Mwanafunzi mwenzetu, fundi cherehani, ndiye daktari, kavaa miwani ya mwalimu, tunacheka mbavu hatuna.

Mimi mama mwenye mtoto. Niliambiwa niseme ana homa. Homa tu!

Akaniuliza, "Mama, mtoto ana nini?" Nikajisikia nasema kwa Kiingereza, "Nikimwita hageuki."

Hageuki! Hata baba yake sijamwambia. Kwa Kiswahili neno hilo sijalitamka miezi yote hii.

Mwalimu akapiga makofi: "Umeigiza vizuri mno!"

Sasa niko nyumbani, nimesimama nyuma ya mwanangu, anachezea vifuniko. Nimemwita kwa lugha zote mbili. Wala.

Kesho nisindikize kwa daktari wa kweli. Usiponishika mkono, nitasema ni homa.