Kuni za Msiba Usiokuwepo

Jumatatu, 3 Machi

Saa kumi na mbili asubuhi, ubavu wa kulia. Saa mbili, wa kushoto. Saa nne, kulia tena.

Daftari hili nilipewa na nesi wa zahanati, niandike kila ninapomgeuza mke wangu, Mama Shija, ili kidonda cha kiunoni kisizidi kuchimba. Alisema niandike saa tu. Naongeza maneno, maana hakuna atakayeyasoma.

Wiki jana kidonda kilikuwa saizi ya kisoda. Leo mfuniko wa chupa ya chai haukifuniki.

Hana hisia kuanzia kiunoni kwenda chini tangu bodaboda imwangushe akitoka kuuza chakula machimboni Mwakitolyo. Mabega ndiyo yanayouma. Nikimwinua kwa makwapa anauma meno asilie. Miaka kumi na miwili nimepandisha viroba vya mawe kutoka duarani, shimo refu kuliko mnazi. Kumgeuza mtu mmoja kunanishinda. Bega langu la kulia limeanza kulia kama bawaba.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda ofisi ya kata kwa afisa ustawi wa jamii. Binti mpole. Nimeomba godoro la hewa, na mtu wa kunisaidia japo mara moja kwa siku. Akasema orodha ipo, ila lazima mlengwa mwenyewe afike apigwe picha. Nikamwambia mlengwa hakai hata kitako. Akasema kwa wasiofika kuna fomu yao, nayo imekwisha. Pole sana, baba.

Nilimwachia Mama Limi, jirani, amwangalie kwa saa moja. Nimerudi baada ya saa tatu. Nimemkuta Mama Limi kakaa mlangoni, mgonjwa yuko vilevile nilivyomwacha. Anaogopa kidonda. Nilikasirika nikamjibu vibaya, halafu nikaona aibu. Angalau yeye alikaa.

Alhamisi, 6 Machi

Saa zote nimegeuza. Mvua mchana kutwa. Bega.

Jumapili, 9 Machi

Masanja, mwenyekiti wa kitongoji, kapita akitoka kanisani. Kanisalimia vizuri, mwangaluka, Baba Shija, kauliza hali. Kisha kasema alichokuja kusema. Misiba miwili sikuonekana makaburini. Wa tatu ukinipita, jina linafutwa.

Sheria yetu ni hiyo. Mtu akifa, wanaume makaburini na majembe, wanawake na mzigo wa kuni, ndoo ya maji na unga. Anayekosa mara tatu, kwake hakanyagi mtu. Atachimba mwenyewe, atazika mwenyewe. Siwezi kulalamika. Siku tunaipitisha nilinyoosha mkono wa kwanza, nikasema wavivu wakomeshwe. Nilikuwa na mke mzima.

Akifa mtu hapa, nusu saa haiishi watu arobaini wako uani. Kwa aliye hai anayehitaji mikono miwili tu ya ziada, hakuna mtu. Nina hasira na wote, na mimi nikiwemo.

Mama Shija alisikia kila kitu. Ukuta wetu ni wa tofali mbichi, na mpasuko unao.

"Nenda ukachimbe," kaniambia. "Sitaki uje unizike peke yako."

Jumanne, 11 Machi

Mzee mmoja ng'ambo ya korongo kafariki. Maziko kesho.

Nimezunguka nyumba saba kutafuta wa kubaki naye. Wote wanakwenda msibani. Lazima waende, sheria ni ileile. Nitamgeuza saa mbili, nitarudi saa nne.

Jumatano, 12 Machi

Saa mbili, kushoto. Saa nne, hakuna. Saa sita, hakuna.

Chini ya udongo tulikuta mwamba. Mimi ndiye ninayejua mwamba, wakanikabidhi sururu. Sikuweza kusema naondoka. Nilirudi saa saba.

Alikuwa sakafuni. Alipoona sirudi, alijaribu kujigeuza. Shavu kwenye vumbi, kidonda kimepasuka, damu imefika mlangoni. Nilimshika nimwinue, bega likakataa. Nikajaribu tena. Nikapiga yowe.

Sijui nilisema nini. Najua walichosikia. Mwanaume mwenye mgonjwa ndani akipiga yowe huku kwetu, lina maana moja. Walikuja wote kutoka kule msibani, wanaume na majembe yenye udongo bado, wanawake na kuni kichwani, na ndoo. Mama Limi alifika mlangoni analia na kumtaja mke wangu kwa jina lake la usichana.

"Nipo, Mama Limi," Mama Shija akajibu kutoka sakafuni.

Kilio kikakatika. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini.

Wanaume wanne wakatandika shuka, wakamwinua kwa pamoja, kama wanavyoinua marehemu. Hakuuma meno. Kaniambia baadaye kwamba hawa wanajua kubeba.

Wanawake wakabaki wamesimama na mizigo yao, hawajui waiweke wapi. Bibi Minza, mkubwa wao, akasema kuni za msiba hazirudi zilikotoka, ni mkosi. Wakazitua ukutani chini ya upenu, wakamimina maji kwenye pipa letu. Wakarudi kumzika mzee.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda kwa Masanja. Sikuomba chakula. Nimeomba watu wawili, mara tatu kwa siku, wa kushika shuka kama walivyoishika juzi. Kasema atalifikisha kikaoni. Alipokuwa ananisindikiza akaongeza, kwa upole kabisa, "Siku nyingine, Baba Shija, hakikisha kwanza. Watu wameshtuka sana."

Jumapili, 16 Machi

Kikao kimekaa baada ya ibada. Nimesamehewa ile misiba miwili na lile yowe. Jina langu linabaki.

Habari ya shuka haikupita. Mmoja akasema mke wa mtu hashikwi kiuno kila siku, siku ile ilikuwa dharura. Wanawake wakasema ni mzito, na ni kweli. Mama Limi akasema angekuja, ila mumewe hataki. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Ningepata hata mmoja wa kugombana naye ningepumua.

Nimewaambia wabeja, asanteni, nikaja kumgeuza. Saa nane, kulia. Nilikuwa nimechelewa.

Jumanne, 18 Machi

Nesi kaja. Kakaa na kidonda muda mrefu. Kaniita nje. Mfupa unaonekana. Kauliza kama namgeuza kila saa mbili, nikampa daftari asome saa. Nilisahau maneno. Kasoma mpaka ukurasa wa mwisho, kanirudishia, kasema niendelee. Macho yake sikuyatazama.

Hospitali kubwa Kahama wangemlaza, alisema, kama ningekuwa na mtu wa kupokezana naye wodini. Sina. Shija, binti yetu, ameolewa Buseresere na amejifungua juzi.

Ijumaa, 21 Machi

Harufu. Nimechoma majani ya mkalitusi. Bado.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimepika uji kwa kuni zile. Kavu, zinawaka vizuri, hazina moshi. Nilimlisha taratibu, kanywa kikombe kizima.

Kauliza kuni nimetoa wapi, maana kwetu hakuna kavu. Nikamwambia ni zile walizoleta.

"Zangu," akasema.

Kaangalia nje kwenye ule mpasuko wa ukuta, mvua inamwagika.

"Usizimalize. Siku yenyewe inaweza ikawa inanyesha hivi hivi, wapate shida."

Nimetoka nikahesabu. Mizigo minne imebaki. Nimeiingiza ndani, chini ya kitanda chake, pasipovuja.

Saa kumi, kushoto. Saa kumi na mbili, kulia.