Rejeta Mpya na Macho ya Mama Mkwe

Shoga, nimekoma! Si unalijua lile gari la spoti la mume wangu, alilolitia injini ya pikapu? Likawa linachemka kila siku. Basi kaliwekea rejeta ya alumini, pana kama mlango.

Pana mno, feni ikakosa nafasi. Akaitoa. FENI, shoga!

Eti, "Upepo wa barabarani unatosha."

Leo tunampeleka mama yake kliniki ya macho. Foleni ikasimama, na upepo ukasimama. Mvuke huo!

Bwana kafungua boneti, kashika kiuno: "Rejeta haina kosa. Foleni ndiyo mbovu."

Foleni, shoga!

Mama mkwe kashuka taratibu, akaanza kuipepea rejeta kwa faili lake la kliniki. "Mwanangu, macho sina, lakini hata mimi naona hapa hakuna feni."