Mapera ya Nyuma ya Ukuta

Los Angeles, 6 Februari 2011

Dada Ofelia mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi mzima, ukiondoa goti, ambalo siku hizi lina msimamo wake. Binti yangu Maribel bado anasafisha maofisi usiku. Tunapishana mlangoni kama wapangaji wasiojuana. Mwanawe, Itzel, pumu yake ipo palepale.

Wale jirani zetu wa visima vya mafuta wamepaka ukuta rangi ya kijani, wakapanda na maua. Ungedhani anakaa mstaafu tajiri, mpaka mtambo ungurume na vikombe vicheze kabatini. Lakini sikia ajabu: ile harufu ya mayai viza imekwisha. Tangu Krismasi mtaa mzima unanukia mapera! Nilifumba macho nikawa kwetu Jungapeo, shambani kwa baba. Itzel akauliza, "Babu, mti wenyewe uko wapi?" Nikamwambia uko nyuma ya ukuta.

Mdogo wako,
Baudelio

Jungapeo, 2 Machi 2011

Kaka Baudelio,

Huku hatujambo, jua tu linatukaanga. Barua yako imenichekesha hadi mbwa akanishangaa. Matajiri wa mafuta wamepanda mpera! Basi wana moyo. Sasa unangoja nini? Umesahau mama alivyotufukiza majani ya mpera tukikohoa? Sogeza kitanda cha mtoto dirishani, ufungue wazi, avute. Na usijifanye mjuaji, wewe uliyewahi kunywa dawa ya ng'ombe.

Dada yako,
Ofelia

Los Angeles, 19 Juni 2011

Dada,

Natumai u mzima. Sisi tumetoka hospitali jana, ndiyo maana nilinyamaza.

Kitanda nilisogeza. Itzel alifurahi, akawa analala pua ikielekea nje. Baada ya muda mto ukawa na damu ya pua. Tukasema ni joto. Kisha kifua kikabana hadi midomo ikabadilika rangi.

Kampuni ikaita mkutano, mikate mitamu mezani. Kijana wa buti safi akatueleza bila haya: hakuna mpera. Watu walilalamikia harufu, kwa hiyo wanapuliza manukato ya mapera kuifunika. Mama Zenaida wa ghorofa ya chini akasimama. "Kwa hiyo gesi ipo?"

"Ipo, mama, ila kwa kiwango kinachoruhusiwa."

"Na damu ya huyu mtoto, nayo inaruhusiwa?"

Kijana akasema swali ni zuri, akamkaribisha mkate.

Wewe, dada, sikulaumu. Mkono uliofungua dirisha ni wangu. Usiseme tuhame, kodi tunayoiweza iko karibu na visima tu.

Mdogo wako,
Baudelio

Jungapeo, 10 Julai 2011

Kaka,

Sijui hata nikusalimieje. Mlete mtoto. Najua wewe na Maribel hamna vibali, mkivuka mpaka kuja huku hamrudi tena, lakini yeye kazaliwa huko, ana pasi. Jirani yangu Chela anarudi kutoka huko Agosti, atamshika mkono. Kitanda nimeshatandika.

Dada yako,
Ofelia

Jungapeo, 3 Novemba 2011

Kaka,

Mwambie Maribel asilie kazini. Itzel alianza vizuri, akifukuza kuku, akanenepa. Kisha mavuno ya mapera yakaja. Asubuhi moja nikakuta madirisha yote kayafunga, na nguo kazisokomeza chini ya mlango. "Bibi, usifungue! Imekuja."

Nikampeleka shambani, nikachuma pera, nikalila mbele yake. Akanitazama kama ninayekunywa sumu, kisha akaanza kuhema. Daktari anasema mapafu kaja nayo hivyo kutoka huko, na hofu imezidisha. Hali chakula, hatoki nje. Na bonde zima litanuka mapera hadi Machi. Nimpeleke wapi, Baudelio?

Dada yako,
Ofelia

Los Angeles, 11 Desemba 2011

Dada Ofelia,

Itzel alifika salama, asante kwa yote. Goti usiliulize.

Kampuni imeita mkutano mwingine. Wamesikia kwamba mapera yametuchosha, kwa hiyo tuchague: limau au cheri. Watu nusura wapigane. Mama Zenaida amehamia jangwani kwa mwanawe, kwa hiyo swali la gesi halikuwa na wa kuliuliza. Mimi niliinamisha kichwa. Itzel akanyoosha mkono juu kabisa: cheri. Cheri ikashinda.

Njiani nikamuuliza kwa nini.

"Kwa Bibi Ofelia hakuna cheri," akasema. "Nikirudi huko, nitaweza kupumua."

Mdogo wako,
Baudelio