Paka wa Kuhani

Nguvumali, Tanga
20 Mei 1956

Baba Ruthi mpenzi,

Salaam nyingi. Sisi wazima, ila paa linavuja na mimi nimechoka.

Mwalimu Kristina wa kanisani kampa Ruthi kitabu cha picha. Kina paka anayeingia nyumba za watu asiowajua, na akimkuta mtu ana huzuni, humpandia mapajani.

Juzi nilikwenda matangani kwa jirani mpya, Bi Shemsa, aliyefiwa na mumewe. Kumbe Ruthi kanifuata! Akapita katikati ya wanawake, akapanda mapajani mwa mfiwa, akasema, "Mimi ni paka," akatulia. Aibu ilinijaa. Nikainuka kumtoa, lakini mama mkwe wa Bi Shemsa akanizuia: "Mwache, mwanangu. Paka wa Kilutheri kaja kuhani." Wanawake wakacheka. Bi Shemsa, ambaye tangu maziko alikuwa hajatoa chozi, akamkumbatia Ruthi akalia.

Tuliporudi, mwanao akaniuliza, "Baba akimlilia Asheri, anampakata nani?" Tangu tumzike mtoto wetu hujatia mguu hapa, mwezi wa nne huu. Unatuma barua na sukari. Najua unaogopa kukiona kitanda chake. Hata mimi nakiogopa, nami nakitandika kila siku.

Ruthi anataka nikutumie kitabu huko Muheza. Nimemkatalia. Kitabu hakipakatiki, Baba Ruthi. Jumamosi panda basi uje, umpakate yeye, na mimi nikae karibu yenu.

Mwenzio katika msiba huu,
Mama Ruthi