Siku Tatu Alizonizidi Saidi

Kibiti, Jumanne, 16 Juni 1953

Idi imepita. Kusi limeanza kuuma asubuhi, na magoti yangu yalilijua kabla sijafungua dirisha. Nimekaa uwanjani kwangu katikati ya boriti ninazouza, na tangu adhuhuri hajaja mnunuzi. Nina hasira, na wa kumkasirikia amekwisha kufa.

Jana nilikwenda Mtawanya kwa ajili ya Mwajabu.

Mwajabu ni mjane wa miaka thelathini, anakaa kwa kaka yake, Bwana Selemani. Posa yangu niliipeleka kabla ya Ramadhani. Jibu likaja kwamba hawana neno na mimi, ila nimesema nina miaka thelathini na saba, nao wana macho. Nilete mtu anayeujua mwaka wangu.

Nikamchukua Saidi, mtoto wa mama mdogo, anayelima Umwe. Mama zetu walijifungua nyumba moja, juma moja, siku zile manowari za Waingereza zilipokuwa zikimpiga Mjerumani mizinga huko deltani. Shahidi gani angenifaa kuliko huyo? Asubuhi ya safari nikapaka ndevu piko jeusi kufunika mvi. Naliandika hilo kwa aibu, lakini daftari hili sikulinunua ili nilidanganye.

Kosa langu ni kudhani kwamba shahidi husikilizwa. Kumbe hutazamwa.

Bwana Selemani alitutandikia mkeka barazani, akamwangalia Saidi, akaniangalia mimi.

"Karibu, Bwana Athumani. Huyu ndiye mwanao mkubwa?"

Saidi akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwanawe? Mkubwa ni mimi, shekhe wangu. Nimemzidi siku tatu."

"Siku tatu?"

"Tatu. Muulize mwenyewe, huyu kwa hesabu anamshinda karani."

"Basi hizo siku tatu ulilishwa nini, mwenzetu? Utugawie na sisi."

Wakacheka. Mimi nami nikacheka, kwa meno niliyobakiwa nayo.

Halafu akaniuliza niliingia kumbini na nani. Kwetu hakuna cheti cha kuzaliwa. Ukiwataja uliotahiriwa nao, umri wako umejulikana. Nikawataja. Bwana Selemani akahesabu kwa vidole.

"Hao nawajua, Athumani. Wana wajukuu hao. Mdogo wao ana arobaini na nne."

Akamgeukia Saidi. Saidi, masikini, hajui kuficha kitu, akasema yeye aliingia miaka sita baada yangu. Shahidi wangu akanizeesha kwa kinywa chake mwenyewe.

Ikabidi niseme jambo ambalo sijapata kumwambia mtu.

Baba yangu wa kambo alikuwa mkata mikoko Kiongoroni, na alitaka mikono. Kambini wakata boriti hawakubali kula sinia moja na mtoto asiyetahiriwa. Basi akanisukuma kumbini nikiwa na miaka saba, pamoja na wavulana wa kumi na tatu, akawaambia watu kuwa mimi ni mfupi tu wa maumbile. Mama alijua, akanyamaza. Kidonda hakijakauka sawasawa, nikapelekwa matopeni.

Maji hupwa mara mbili kwa siku. Kupwa kumoja kwa mchana kulikuwa na boriti zangu kumi za kuburuta hadi kwenye mtumbwi, yaani nusu korija. Nilijua korija ni ishirini kabla sijajua kusoma Alhamdu. Ikipungua boriti moja, fito moja mgongoni. Hesabu nilijifunzia hapo, na ndiyo hesabu iliyonipatia uwanja huu.

Nilikaa miaka kumi na miwili. Nilitoka nikiwa na kumi na tisa, nikiwa na shoka tu.

Nikiri jingine. Miaka yote hii nimekuwa nikimdharau Saidi kuwa kadekezwa. Yeye alilelewa na bibi yetu. Kazi yake ilikuwa kukaa naye juu ya dungu shambani, kufukuza ndege wasile mpunga, na bibi akimsimulia ngano. Alipigwa mara moja tu, kwa kuiba muhogo, na bibi ndiye aliyelia. Mimi nikiwaambia vibarua wangu: mnaniona nilivyo, ni tope lile lililonikomaza. Nilikaribia kumshukuru yule baba wa kambo.

Wala tofauti yetu si chakula. Mto ulipofurika ukachukua mpunga, Saidi naye alilala njaa kama mimi. Lakini yeye alilala. Mimi nililala nikisikiliza kama mlango unafunguliwa. Mpaka leo nalala nasikiliza, na hakuna wa kuufungua.

Nikamaliza kusema. Ndipo sauti ya Mwajabu ikatoka nyuma ya pazia.

"Kaka, muulize moja tu. Ana maradhi? Ugonjwa wa marehemu mume wangu walinificha. Nimemuuguza miaka miwili kitu ambacho kwao wote walikuwa wanakijua."

Nikajibu mwenyewe: "Sina maradhi."

Ni kweli. Na nimemdanganya.

Kwa sababu mwezi wa Shaabani nilikwenda zahanati kwa ajili ya pumzi. Siku hizi nikibeba boriti mbili natua njiani, nami nilikuwa nabeba nne. Dresa alinipima kifua, akanitazama macho, magoti, meno, kisha akaandika kwenye kadi: umri, hamsini. Nikamwambia amekosea.

"Mzee wangu, mimi naandika ninachokiona."

"Basi niandikie na ugonjwa unaouona."

"Ugonjwa sioni. Mwili umechakaa tu. Ungekuwa na ugonjwa ningekupa dawa."

Nilikuja juu siku ile, kadi nikaitia mfukoni. Jana njiani kurudi nikaitoa, nikapiga hesabu. Mwezi ujao natimiza thelathini na nane. Jumlisha ile kumi na miwili ya matopeni: hamsini. Kila mwaka wa kule mwili umeuhesabu mara mbili. Hesabu imekaa sawasawa, wala sipendi inavyokaa.

Kwa hiyo baba wa kambo aliposema uongo kwamba mimi ni mkubwa, mimi niliukataa miaka thelathini. Mwili ulikuwa unaukubali.

Saidi alikuwa akitembea mbele, mgongo umenyooka kama mlingoti. Akageuka akaniona nimesimama na kadi. Hakucheka safari hii.

"Ndugu yangu, wewe hukulelewa," akasema. "Ulitumiwa."

Akanichukulia mkoba wangu. Nilitaka kumnyang'anya. Sikumnyang'anya.

Watu husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hawaendelei mbele wakasema ndivyo atakavyozeeka, na ndivyo mkewe atakavyomzika mapema.

Bwana Selemani alisema mjane huulizwa mwenyewe. Alhamisi Mwajabu atatoa neno. Nilivyomsikia, anaelekea kukubali. Amekwisha pata jibu la swali lake moja, na jibu hilo nimempa mimi. Ningeweza kunyamaza siku mbili tu nikapata mke. Ila mwanamke huyu aliwahi kuolewa na kitu kilichofichwa, na waliomficha nao hawakukosa maneno ya kweli ya kusema.

Kesho alfajiri nakwenda Mtawanya, peke yangu. Kadi nitaipeleka, Bwana Selemani amsomee. Nitampa Mwajabu hesabu zote mbili, ya mama na ya dresa, aamue anaolewa na ipi. Akisema hapana, nitarudi kuuza boriti.

Nimechota maji ndoo nzima, nikachukua kipande cha sabuni. Piko halitoki upesi. Nimesugua mpaka kidevu kinawaka, na sasa mvi zimeanza kuonekana, moja moja.